Namba Ihame na Jalada Lake



Mtumishi wa umma anapopewa uhamisho, jalada lake humfuata. Mwalimu aliyetolewa Songea akapelekwa Kasulu haanzi kazi kama kijana aliyemaliza chuo jana. Cheo chake, mshahara wake na miaka yake ya utumishi huhesabiwa vile vile huko aendako. Mtu akihama na haki zake zikabaki nyuma, huo si uhamisho; ni kuanza upya.

Tarehe 1 Machi 2017, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilianzisha utaratibu wa kumwezesha mteja kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba yake. Shabaha ilikuwa njema. Namba za simu ni rasilimali ya taifa. Kampuni hupewa kuzitumia tu. Kabla ya hapo, mwananchi aliyechoshwa na huduma mbovu alikuwa na njia mbili: avumilie, au aitupe namba inayojulikana na ndugu, wazazi wa wanafunzi, benki na mwajiri. Kampuni ilijua hivyo, na kwa hiyo haikuwa na haja ya kuyahofia manung'uniko yake. Haki ya kuhama ni fimbo ya mnyonge mbele ya mwenye nguvu.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mteja huenda katika duka la kampuni anayoitaka akiwa na kitambulisho, hujaza fomu, hupewa laini mpya, na hutuma neno HAMA kwenda namba 15080. Ombi likikubaliwa, kumbukumbu kuu inayotumiwa na kampuni zote huonyesha makazi mapya ya namba hiyo, na simu zinazopigwa huelekezwa huko.

Matatizo huanza hapo, na la kwanza ni la fedha. Namba huhama, lakini akaunti ya fedha iliyofungwa katika namba hiyo haihami. Mteja hana budi kutoa fedha zake zote kabla ya kuondoka, kulipa madeni yake, na kufungua akaunti nyingine kwa kampuni mpya. Muda wa maongezi na vifurushi ambavyo hakuvimaliza hupotea. Sifa yake ya kukopa na kulipa kwa uaminifu, aliyoijenga kwa miaka, hubaki alikotoka. Kwa kampuni mpya, yeye ni mgeni asiye na historia. Jalada halikumfuata.

La pili linatokana na mazoea. Watu wamezoea kuutambua mtandao kwa tarakimu za mwanzo za namba. Baada ya namba kuhama, tarakimu hizo hazisemi kweli tena. Mhasibu anayelipa posho za semina hupanga majina kwa mitandao akifuata tarakimu hizo, na malipo ya aliyehama hukwama. Vivyo hivyo, mfumo wa benki unaotazama tarakimu za mwanzo peke yake huweza kupeleka ujumbe wa namba ya siri mahali ambapo mwenyewe hayupo tena. Kosa si la mwananchi aliyetumia haki yake, bali ni la mifumo ambayo haikurekebishwa ili iitambue haki hiyo.

La tatu ni la usajili. Wako wananchi wengi, hasa wazee vijijini, wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watoto au jirani. Usajili wa alama za vidole ulioanza mwaka 2019, na ufungaji wa laini zisizosajiliwa ulioanza Januari 2020, ulipunguza tatizo hilo lakini haukulimaliza. Asiyetambuliwa kuwa mwenye namba hawezi kuomba ihamishwe.

Jirani zetu wa Kenya walianza utaratibu kama huu Aprili 2011, miaka sita kabla ya Tanzania. Huko nako ilidhihirika kwamba mteja ambaye fedha zake zimo katika mtandao hahami kwa urahisi, hata akipewa ruhusa ya kuondoka na namba yake. Kinachomzuia ni mfuko wa fedha.

Hakuna sababu ya msingi ya kuiacha hali hiyo. Kuanzia mwaka 2014, kampuni za simu nchini zilianza kukubaliana kupokeleana fedha kati ya mtandao na mtandao, jambo ambalo hapo awali lilidhaniwa haliwezekani. Kampuni zinazoweza kupokeleana fedha za mteja kila siku zinaweza pia kukubaliana kuikabidhi akaunti yake siku anapohama, pamoja na historia yake ya ulipaji kwa ridhaa yake mwenyewe. Wasimamizi wa mawasiliano na wa fedha hawana budi kuketi pamoja katika jambo hili, kwa kuwa si la upande mmoja.

Wakati huo huo, kila ofisi ya umma inao wajibu wake. Orodha za malipo zimtake mtumishi autaje mtandao wake, zisikisie. Walimu wawaeleze wazazi kusajili laini kwa majina yao wenyewe. Na mwananchi anayekusudia kuhama amalize kwanza hesabu zake za fedha na madeni, kisha aiarifu benki yake.

Haki iliyoandikwa katika kanuni huwa haki kamili pale mnyonge anapoweza kuitumia bila kuadhibiwa. Namba imeruhusiwa kuhama. Sasa na jalada lake liifuate.