Kujitayarisha kwa Mtihani wa Insha



Yako mazoea yaliyowapotosha wengi. Kijana hukariri insha ya mtu mwingine, kisha huiandika mtihanini bila kujali ameulizwa nini. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Karatasi ya Insha ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE ni ya saa 1 na dakika 45. Mtahiniwa huandika insha 2: moja ya lazima, ya pili ya kuchagua. Kila moja ina alama 20. Basi lisomeni swali mara mbili, mpange mawazo, ndipo mshike kalamu. Mkipewa methali, simulieni kisa kinachoithibitisha, wala msiishie kuieleza maana.

Tangu sasa, kila juma andikeni insha moja juu ya jambo mlilolishuhudia wenyewe: Ziwa Nakuru lilivyofurika, au wachumaji wa pareto kule Molo.

Nanyi wazazi mliolipa ada kwa jasho la viazi, mwachieni mtoto taa na utulivu kila jioni. Bila hivyo, jasho lenu litapotea bure.

Kwaherini.