Pamba Ilitufundisha Nini?
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Rodi Kopany)

Sisi tuliopewa nafasi leo ni wale waliolima pamba hapa zamani. Kamati imetuomba tuwaeleze ilivyokuwa, kwa sababu tumesikia kuna kikundi kinachotaka kung'oa mahindi na njugu katika shamba lote la pamoja, na kupanda zao moja tu la kuuza, tena kwa mkopo. Hebu tuzungumze kabla jembe halijashika ardhi.

Pamba si jambo geni Nyanza. Serikali ya wakoloni iliihimiza tangu miaka ya kwanza ya 1900, ili viwanda vya Uingereza vipate nyuzi. Baadaye, miaka ya 1950, iliundwa bodi ya kununua na kuuza pamba. Vinu vya kuchambulia vilikuwepo, kama kile cha Kendu Bay. Kwa hiyo baba zetu walilima, nasi tukalima.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Ninyi vijana mnaona shati tu dukani. Pamba hupandwa na mvua, ikapaliliwa mara mbili au tatu, ikangojewa miezi mitano au sita kabla ya kuchuma. Hapo katikati kuna funza wa vitumba, na kuna wale wadudu wekundu wanaotia pamba madoa. Usipopiga dawa umelimia wadudu. Wakati wa kuchuma, nyumba nzima ilitoka. Jioni tulikaa kwenye mikeka kutenganisha: nyeupe iliitwa safi, ile yenye madoa fifi. Bei hazikulingana, kwa hiyo mama aliyekuwa na macho mazuri alikuwa mali nyumbani. Mavuno yakiisha, ilibidi miti ya pamba ing'olewe na kuchomwa, wadudu wasipate pa kulala mpaka msimu mwingine.

Halafu siku ya mzani. Magunia yalipandishwa kwenye baiskeli, mengine vichwani, mpaka sosaiti. Karani anasoma kilo, anaandika, anakupa karatasi. Wengi wetu hatukujua kusoma mzani. Tulijua kusema ndiyo tu.

Na siku ya malipo, jamani, Rodi hapa ilichangamka! Njia panda hii ya kwenda Ndhiwa ilijaa watu. Wenye maduka walitundika mablanketi nje. Fundi cherehani alishona mpaka usiku kwa taa ya karabai. Wengine waliingia soko la ng'ombe wakatoka na mtamba. Zipo nyumba hapa ambazo mabati yake ya kwanza yalitoka kwenye pamba, na wapo walimu waliosomeshwa kwa karo ya pamba. Hilo hatulikatai. Pamba ilitujenga.

Basi, iliharibika wapi? Mwaka 1984/85 Kenya ilivuna marobota kama 70,000. Robota moja ni kilo 185 za nyuzi, na kupata nyuzi hizo huhitaji zaidi ya kilo 500 za pamba yenye mbegu. Fikirini ni migongo mingapi iliyoinama. Lakini wakulima wengi nchini walikuwa wakingoja malipo miezi mingi, wengine msimu hata msimu. Soko lilipofunguliwa mwaka 1991, mikopo ya mbegu na dawa ilipotea. Nguo za mitumba zikajaa sokoni. Viwanda vya nguo vikalegea, hata KICOMI ya Kisumu ikafungwa. Kufika katikati ya miaka ya 1990, mavuno ya nchi yalikuwa yameshuka mpaka sehemu ndogo tu ya yale ya zamani.

Sisi wenyewe tuliona nini? Tuliona mwaka mmoja ambao gunia limejaa pamba na ghala halina kitu. Karatasi za kilo tulikuwa nazo, tumeziweka vizuri kwenye kopo. Lakini karatasi hailiwi. Mama wa nyumbani alikwenda kwa jirani kukopa gorogoro moja ya mahindi, na yeye ndiye mwenye shamba. Aibu hiyo hatujaisahau.

Msiseme hayo ni ya zamani. Angalieni mtama wa bia. Mwaka 2004 ilianzishwa bia ya Senator Keg, na wakulima wakahimizwa kulima mtama aina ya Gadam, unaokomaa upesi. Mwaka 2013 serikali ikaongeza ushuru kwenye bia hiyo. Mauzo yakaanguka, na kiwanda kikapunguza kununua mtama. Mkulima hakukosea kupalilia, hakuchelewa kupanda. Ni uamuzi wa Nairobi tu. Mwaka 2015 ushuru ukapunguzwa tena, lakini aliyepoteza msimu alikuwa ameshapoteza. Hatukuja kubishana kuhusu bia, kila kikundi kina dhamiri yake. Tunasema juu ya mnunuzi mmoja.

Hata pamba inarudi. Desemba 2019 Baraza la Mawaziri liliruhusu mbegu mpya inayostahimili funza wa vitumba. Hiyo ni habari njema. Lakini mbegu inazuia funza, haizuii malipo kuchelewa.

Kwa hiyo tunawaomba mambo manne.

Kwanza, chakula kitangulie. Gawanyeni shamba: sehemu ya mahindi, mtama na njugu isiguswe. Zao la kuuza lipate inayobaki.

Pili, msitie kidole kwenye karatasi ambayo haijasomwa mbele ya wote. Ulizeni: bei ni ngapi, malipo ni siku ngapi, na mvua ikikosa nani atabeba mkopo?

Tatu, nunueni mzani wenu wenyewe. Pimeni nyumbani, andikeni kwenye daftari la kikundi, ndipo mpeleke.

Nne, pesa ikija, sehemu iende benki ya kikundi kabla haijafika sokoni. Akiba haiozi.

Hatuwakatazi kulima zao la biashara. Tungewakatazaje, nasi tunalala chini ya mabati ya pamba? Tunachosema ni hiki: mnunuzi akichelewa, jioni hiyo sufuria iwe jikoni bado.

Sasa tuko tayari kwa maswali. Na kile kikundi chenye ile karatasi ya mkopo, tafadhali mkae kidogo. Tuisome pamoja leo, hapa hapa.