Safari ya Ibada na Watoto Wadogo: Kutoka Singida hadi Kolo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya mandir yetu)

 

Sisi tunaowafundisha watoto wa mandir siku za Jumapili tumepewa nafasi ya kusema neno juu ya swali ambalo wazazi hutuuliza mara kwa mara: mtoto mdogo apelekwe lini mahali patakatifu pa kale? Jibu letu ni fupi. Apelekwe angali mdogo, aanzie karibu na nyumbani, na aende kwa mwendo wake mwenyewe. Mtuvumilie tueleze sababu.

Majirani zetu huenda hawajaisikia hadithi ya Ganesha. Husimuliwa kwamba yeye na nduguye Kartikeya walishindanishwa kuuzunguka ulimwengu. Kartikeya akapanda tausi wake akaruka. Ganesha, mnene wa mwili, ambaye kipando chake ni panya, akawazunguka wazazi wake, Shiva na Parvati, akasema kuwa ulimwengu wake ni wao. Ushindi ukawa wake. Watoto huifurahia hadithi hii kwa kuwa asiye na mbio amemshinda mwenye mbio. Sisi wazazi tuifurahie kwa sababu nyingine: inatufundisha kwamba utakatifu haupimwi kwa urefu wa safari.

Wengi wetu wazee wetu walitoka Kachchh na Kathiawar, nasi huweka akiba miaka mingi ili tuwafikishe watoto Dwarka na Somnath. Wako wanaotaka mtoto akanyolewe huko nywele zake za kwanza. Hilo ni jema, wala hatulipingi. Lakini tutazame namna linavyofanyika. Ndege kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai, treni usiku kucha, kisha mahekalu saba kwa siku kumi, na foleni juani. Mtoto wa miaka minne hawezi kuyabeba mahekalu saba. Arudipo, anachokumbuka ni joto na soda aliyonunuliwa.

Na wale wasio na uwezo huo husubiri. Fedha zikipatikana, mtoto amekwisha kwenda kusoma Dar es Salaam au ng'ambo. Ndugu zangu, familia zetu hapa Singida si nyingi, na vijana wanaoondoka wengi hawarudi kukaa. Watakachoondoka nacho ni kile walichokiona na kukishika wakiwa wadogo. Tusipowapa sasa, hatutakuwa na siku nyingine ya kuwapa.

Kwa hiyo tunawaelekeza Kolo, wilayani Kondoa, kwa majirani zetu wa Mkoa wa Dodoma. Ukitoka hapa unapita Katesh chini ya Mlima Hanang, unafika Babati, kisha unashuka kusini kwa barabara ya Kondoa. Ni safari ya nusu siku. Huko, katika miamba ya vilima vya Warangi, kuna mapango zaidi ya 150 yenye michoro ya kale, na mwaka 2006 eneo hilo liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 1951, mwaka uleule hekalu jipya la Somnath lilipowekwa wakfu, Mary Leakey alikuwa Kondoa akinakili michoro hiyo. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1983 kilibeba katika jina lake onyo kwamba sanaa hiyo inatoweka.

Mtoto hahitaji kuambiwa tarehe hizi. Yeye humwona twiga, humwona tembo, huona watu wembamba warefu waliochorwa kwa udongo mwekundu, naye huelewa mara moja kwamba mtu fulani, zamani sana, alisimama pale pale aliposimama yeye. Ile michoro myeupe iliyo juu ya myekundu ni ya watu waliokuja baadaye. Vizazi vimepokezana ukuta mmoja.

Tena Mungomi wa Kolo si makumbusho tu. Wenyeji wangali wakipanda huko kuomba mvua na kuwaombea wagonjwa. Hapa ndipo penye somo kubwa kuliko yote. Mtoto wetu hujua kuvua viatu mlangoni pa mandir na kutembea akiuweka mkono wa kulia upande wa patakatifu. Je, anajua kunyamaza mahali ambapo mwenzake anaomba? Adabu inayoishia mlangoni petu si adabu kamili.

Safari moja, msichana mdogo wa darasa letu alitutaka ruhusa ya kuuosha ukuta kwa maji ya chupa yake, ili wanyama waonekane vizuri. Nia yake ilikuwa njema, kwani nyumbani huwaona wakubwa wakiogesha sanamu kwa maji na maziwa. Tulimweleza kwamba maji yaliyomwagwa na wageni ili rangi ing'ae ni mojawapo ya mambo yaliyoifisha michoro mingi, pamoja na majina yaliyokwaruzwa na mashimo ya wanaotafuta mali wanayodhani Wajerumani waliificha. Akafikiri, kisha akauliza: "Basi hapa puja yake ni kutogusa?" Hatukuwa na la kuongeza.

Kwa wazazi watakaokwenda, tunashauri haya. Nendeni wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, kwa maana njia ya kupandia kilimani haifai mvuani. Laleni karibu, mpande asubuhi kabla ya jua kali. Lipieni kiingilio na mfuatane na mwongozaji. Mwulizeni kwanza kama kuna watu wanaofanya ibada, na kama wapo, ngojeni wala msiwapige picha. Mbebeni maji ya kutosha, kofia, na viatu vilivyofunika vidole. Ashikwe mkono kila mtoto kwenye miamba. Pango moja au mawili yanatosha kwa siku. Msimulieni hadithi moja jioni ya kuamkia safari, na jioni ya kurudi mwacheni yeye awasimulie ninyi. Akichoka, mbebeni.

Juu ya kubebwa, tunamkumbuka Shravan, kijana aliyewabeba wazazi wake vipofu katika vikapu viwili begani akiwapeleka hija. Mara nyingi tunawasomea watoto hadithi hiyo ili wajifunze kututunza uzeeni. Ni sawa. Lakini kabla mtoto hajawa Shravan, mzazi ndiye humbeba begani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tunalo ombi moja kwa kamati, nalo tunaliweka mbele yenu nyote. Kila mwaka, wakati wa likizo, mandir iandae safari moja ya Kolo kwa watoto wetu pamoja na watoto wa majirani, Waislamu na Wakristo, Wanyaturu na Wanyiramba, na kila basi liwe na mzee mmoja wa kusimulia jinsi babu zake walivyofika Singida. Gharama yake kwa familia ni ndogo sana ukilinganisha na tiketi ya Mumbai, na atakayejaliwa kwenda Dwarka baadaye atakuwa amekwisha kujua namna ya kusimama mahali patakatifu.

 Tunaomba majina ya watoto wa safari ya kwanza yaandikishwe leo, kabla hatujaagana. Om shanti.