Rafiki Anapobadili Sera: Neno kwa Wahitimu wa Kathonzweni



Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje kwa siku 90. Baadhi ya kliniki za UKIMWI nchini Kenya zilifunga milango, na wahudumu wakatumwa nyumbani. Kufikia Julai, USAID ilikuwa imevunjwa. Na Kenya ni nchi ambayo Mei 2024 mtangulizi wa Trump, Joe Biden, alimkaribisha rais wake, William Ruto, kwa mizinga na dhifa, akatangaza kuifanya Kenya mshirika mkuu wa Marekani nje ya NATO, wa kwanza kusini mwa Sahara. Mwezi uliofuata polisi wa Kenya wakatua Haiti katika kikosi kilichoungwa mkono na Marekani. Agosti 2025, Seneta wa Marekani Jim Risch akataka hadhi hiyo ya mshirika ichunguzwe upya.

Wazee waliyaona haya zamani. Mwaka 1980 Kenya iliruhusu majeshi ya Marekani kutumia bandari ya Mombasa, na enzi ya Vita Baridi serikali ya Rais Moi haikuulizwa mengi. Vita hivyo vilipokwisha, maswali yakaanza: Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walizuia misaada mipya, na Desemba vyama vingi vikarejea. Wakenya walikuwa wamevipigania wenyewe, tena kwa damu. Safari hiyo badiliko la sera liliwafaa raia.

Safari hii mzigo umewaangukia wagonjwa na wafanyakazi. Vijana wa Ukambani wanaoshona nguo Athi River kwa soko la Marekani walitegemea AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 ya kuuza huko bila ushuru, iliyofika kikomo Septemba 30, 2025 huku wenye viwanda wakingoja kauli ya Bunge la Washington.

Desemba 4, 2025 mkataba mpya wa afya kati ya nchi hizi mbili ulitiwa saini: Marekani itoe hadi dola bilioni 1.6 kwa miaka 5, Kenya iongeze dola milioni 850. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Kenya ikasimamisha kwa muda kipengele cha kutoa data za wagonjwa, kwa kuwa raia walikwenda kuuliza.

Wahitimu, Makueni yenu inasifika kwa wananchi kukaa vijijini na kujadili bajeti ya kaunti. Nendeni kwenye mikutano hiyo. Ulizeni dawa za ARV zitalipiwa na nani mkataba ukiisha, na msiondoke kabla ya kujibiwa kwa tarakimu.