Okidi za Ardhini Garissa: Tukiziona, Tuzirekodi Vipi?



Ukitazama ramani za ukusanyaji wa mimea nchini, alama zimesongamana Nairobi, Pwani na milimani. Ukifika Garissa, Wajir na Mandera, zinaadimika. Wengi hudhani sababu ni ukame. Kwa maoni yangu, kinachokosekana zaidi ni wakusanyaji: huku ni mbali, barabara ni mbovu, na tangu operesheni ya usalama ya 2015, kuingia msitu wa Boni si jambo jepesi. Mmea tunaouita mpya hapa huenda umekuwapo miaka yote bila mtu wa kuuandika.

Chukueni Eulophia petersii, okidi ya vichaka vikavu, inayopatikana kuanzia Rasi ya Uarabuni hadi Afrika Kusini. Mashina yake yaliyovimba huhifadhi maji. Majani ni manene na magumu, kingo zake zinakwaruza mkono. Isipokuwa na maua, mpita njia huiona mkonge wa porini tu. Ikichanua, shina la maua laweza kumpita mtu kwa urefu. Petali zake za nje ni za kijani na hudhurungi, ncha zimejikunja nyuma, na mdomo wa ua ni mweupe wenye mistari ya zambarau. Kwa kuwa bila maua haitambuliki kwa urahisi, anayezuru siku chache za kiangazi hawezi kutuambia kwamba haipo.

Kabla ya kutangaza kwamba mmea ni mpya, tuseme ni mpya kwa wapi. Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012, inaigawa Kenya katika maeneo 7. Eneo liitwalo K1 peke yake linajumuisha Garissa pamoja na Marsabit na Mandera. Kwa hiyo spishi iliyoandikwa K1 si lazima iwe imewahi kuokotwa Garissa. Mpya kwa kaunti ni jambo moja, mpya kwa K1 ni jingine.

Picha pekee haitoshi, ingawa ni lazima: mmea mzima, jani, ua kwa mbele na kwa ubavu. Andika tarehe, majira-nukta, aina ya udongo na miti jirani. Maua machache yatiwe kwenye spiriti, kwani yakikandamizwa kwenye karatasi mdomo hubonyea na umbo lake hupotea. Sampuli ipelekwe Hebaria ya Afrika Mashariki, Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi, kwa vibali halali. Ukikuta mmea mmoja tu, usiung'oe. Mbegu za okidi ni vumbi tupu, na porini hazioti bila kuvu wa kuzilisha.

Okidi zote zimo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe vya porini, kwa sababu zinauzwa na kuibwa. Majira-nukta kamili yabaki hebaria. Umma uelezwe jina la kata tu.

Naomba semina hii iazimie jambo moja: wafugaji na Waaweer, wenyeji wa msitu wa Boni, washirikishwe tangu siku ya kwanza, na jina wanalouita mmea huo liandikwe kwenye lebo ya sampuli.