TUZUNGUMZE JUU YA DAWA ZA TUMBO

(Mazungumzo ya kamati ya afya ya kijiji mbele ya wahitimu wa kisomo)



Tumeombwa tuzungumze juu ya dawa za miti zinazotumika kwa magonjwa ya tumbo huku kwetu Masasi na Newala. Sisi si waganga. Sisi ni wakulima wa korosho na muhogo kama ninyi, ila mmetuchagua katika kamati ya afya. Dawa hizi tumezinywa tangu utotoni. Wengine wetu tulikwenda kuzichimba pamoja na bibi zetu. Tena tumewauliza wauguzi wa zahanati, wakatueleza mengi.

Kwanza tuelewane. Mtu akisema, "Naumwa tumbo," bado hajasema kitu. Kuharisha ni jambo moja. Kufunga choo ni jambo la pili. Minyoo ni jambo jingine kabisa. Ukimpa anayeharisha dawa ya kufungua choo, umemwongezea ugonjwa. Makosa haya yapo, tusidanganyane.

Tuanze na kuharisha, maana ndiko kunakoumiza watoto wetu. Wazee wetu wametumia gome la mkorosho, gome la mwembe na majani ya mpera. Ukitafuna jani changa la mpera ulimi unakauka, unashika. Ule ukakasi ndio wenye kazi. Wataalamu wanauita tanini, na ndio uleule unaotumika kulainisha ngozi za wanyama zisioze. Ukifika tumboni unakaza utumbo, choo kinapungua. Basi bibi zetu hawakuwa wajinga. Na tena ajabu ni hii: mkorosho na mpera asili yao ni Amerika, na mkorosho uliletwa huku na Wareno. Sisi leo tunaziita dawa za jadi! Maana yake wazee waliona mti mgeni, wakaujaribu, wakaujua. Lakini angalieni: ni gome la mti, siyo ganda la korosho yenyewe. Mafuta ya ganda lile yanaunguza. Kila aliyebangua korosho kwa mkono anajua.

Ubuyu nao ni mzuri. Unga wake ukikorogwa kwenye maji safi ni kinywaji na chakula pamoja.

Sasa tuseme jambo lililotuleta hapa. Mwaka juzi, wakati wa mabibo, mtoto wa mmoja wetu katika kamati hii aliharisha siku mbili. Mwenzetu ameturuhusu tuseme. Mtoto alipewa maji ya mizizi, kikombe kidogo asubuhi, kikombe kidogo jioni. Maji ya kunywa alinyimwa, kwa sababu watu walisema maji yanaongeza kuharisha. Siku ya tatu tukampakia kwenye baiskeli. Muuguzi akauliza, "Amekunywa mzizi gani? Kiasi gani?" Tukatazamana. Hapakuwa na aliyejua. Mtoto yule hakufika jioni.

Muuguzi alitufafanulia baadaye. Mtoto anayeharisha ni kama mtungi uliotoboka. Ninyi mnahangaika kutafuta cha kuzibia, na huku maji yanakwisha. Kinachomwua ni kukaukiwa na maji na chumvi za mwili. Hata mzizi ungekuwa mzuri namna gani, bila maji asingepona.

Na sisi watu wa huku juu tuna sababu yetu ya kubana maji. Mchanga wa uwanda huu unameza mvua yote, chemchemi ziko chini mabondeni. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, alifika Masasi na Newala, akaandika jinsi akina mama wa Kimakonde walivyokwenda mbali kuteka maji. Mradi wa maji wa Makonde ukaja miaka ya 1950. Hata hivyo desturi ya kuhesabu kata kwa kata imebaki mikononi mwetu. Mgonjwa naye tunamhesabia! Huyo ndiye wa kwanza kunywa, hata kama siku hiyo hatuogi.

Fanyeni hivi. Chukueni lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tieni sukari vijiko vya chai 6, siyo vya kurundika, bali vya kusawazisha. Tieni chumvi nusu kijiko cha chai, nayo isawazishwe. Koroga, onja. Yasiwe na chumvi kupita machozi. Chumvi ikizidi ni hatari, mwaga uanze tena. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo kikombe mpaka nusu kila baada ya kuharisha. Mkubwa kidogo, nusu mpaka kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea kwa kijiko polepole. Mama asiache kunyonyesha. Maji hayo yakilala siku nzima yamwagwe. Pakiti za dawa ya maji zikipatikana zahanati, hizo ni bora zaidi. Ombeni pia vidonge vya zinki, mtoto hupewa siku 10 mpaka 14.

Mtoto asipelekewe mizizi bali zahanati, haraka, kama macho yameingia ndani, analia bila machozi, ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi, choo kina damu, au anatapika kila kitu. Choo kikiwa kama maji yaliyooshea mchele, huenda ni kipindupindu. Hapo msingoje kuche.

Minyoo je? Wengi mnajua mbegu za papai. Mwaka 2007 wataalamu wa Nigeria walitoa taarifa ya watoto 60 wenye minyoo. 30 walipewa mbegu kavu zilizosagwa pamoja na asali, 30 wakapewa asali tupu. Baada ya siku 7, kundi la kwanza walipona 23, la pili 5 tu. Ni jaribio dogo, lakini si maneno ya barazani. Mama mjamzito asitumie. Nasi tunasema wazi, kidonge cha minyoo cha zahanati ni rahisi zaidi kupimia.

Kwa kufunga choo, maji ya ukwaju yanatosha. Mnyonyo ni habari nyingine. Mafuta yake ni dawa, lakini mbegu yake ina sumu ya kuua. Watoto wasizichezee, wala mtu asizitafune.

Na mwarobaini, ambao watu wanasema unaponya magonjwa 40! Mwaka 1981 iliandikwa taarifa ya watoto wa Malaysia waliougua vibaya kwa kunyweshwa mafuta ya mbegu zake. Uchungu si ushahidi wa uponyaji.

Liko tatizo la majina pia. Hapa tuna Wamakonde, Wamakua na Wayao. Mti mmoja una majina matatu, na pengine jina moja ni la miti miwili. Aliyekutajia jina hajakupa dawa. Akuonyeshe jani, gome na ua. Waganga wa jadi wako kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002, wanasajiliwa, na pale Muhimbili dawa za asili zinachunguzwa tangu 1974. Kwa hiyo hakuna haja ya kufichana kama wezi.

Ninyi sasa mnajua kuandika. Kila nyumba iwe na daftari. Andika: mti gani, sehemu gani, umechemshwa na maji kiasi gani, nani amekunywa, lini, ikawaje. Daftari hilo mwende nalo zahanati. Siku ile na baiskeli, tungekuwa na ukurasa mmoja tu, tungejua la kumjibu muuguzi.

Tuishie hapa kwa maneno. Maji yamekwisha kuchemka na kupoa, chupa ya lita ipo, sukari ipo. Akina mama watatu wapite mbele watengeneze, nasi sote tuonje. Nani amekuja na kijiko cha chai?