Mkubwa Naye Bado Mtoto

Mazungumzo kwa wazazi na walezi wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Mtoto mchanga akiletwa nyumbani, macho yote humwelekea yeye. Majirani huja na sabuni na sukari. Nyanya huja kumkanda mzazi kwa maji moto. Kwa siku arobaini nyumba nzima hulala na kuamka kwa saa ya yule mdogo. Hayo ni mema na yasiachwe. Lakini katika nyumba nyingi kuna mtoto mwingine, wa miaka miwili, mitatu au minne, ambaye hadi juzi ndiye aliyekuwa akibebwa. Leo anaambiwa, "Wewe sasa mkubwa." Hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari, na mwili wake bado unahitaji vilevile ulivyohitaji jana.

Mazungumzo haya yanamhusu huyo. Kuna mahali patatu ambapo mtoto mkubwa husahaulika baada ya mdogo kuzaliwa: kwenye sahani, kwenye kijitabu cha kliniki, na pajani. Pote patatu panaweza kurekebishwa, na sehemu kubwa ya marekebisho hayo haihitaji pesa.

Sahani

Mwaka 1933, daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika kuhusu ugonjwa aliouona kwa watoto wadogo wa huko. Miguu yao ilivimba, ngozi iliambuka, nywele zilibadilika rangi, nao walikuwa wanyonge wasiotaka kula wala kucheza. Jina alilolitumia baadaye kwa ugonjwa huo, kwashiorkor, alilipata kwa wenyeji, katika lugha ya Ga. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto pale mwenzake anapozaliwa nyuma yake. Kwa Kiswahili tunauita unyafuzi.

Akina mama wale walikuwa wameuona ukweli kabla ya vitabu vya udaktari. Mama akipata mimba nyingine, mtoto huachishwa ziwa ghafla na kuwekwa kwenye uji wa mahindi mtupu. Anashiba tumbo, lakini mwili hauna cha kujengea.

Hali hiyo haiko mbali na Pwani yetu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayeamkia chai ya rangi na mkate, akala sima na mchuzi mchana, na usiku akalala na chai tena, ameshiba lakini hakulishwa. Vyakula vinavyomjenga vinapatikana sokoni Kongowea na kwenye vibanda vya mitaani: pojo, kunde, maharagwe, dagaa waliopondwa, yai, mchicha, papai na embe wakati wa msimu. Kijiko kimoja cha dagaa waliosagwa ndani ya uji, au kunde zilizopondwa pamoja na mchicha na sima, hubadilisha mlo wote.

Jambo la pili ni sahani yenyewe. Nyumba nyingi hula sinia moja, na kula pamoja ni baraka. Lakini mkono wa mtoto wa miaka miwili haushindani na mkono wa kaka yake wa miaka kumi. Apewe kisahani chake, aketi karibu na mtu mzima, na huyo mtu mzima aone kilicholiwa na kilichobaki. Zamani mama ndiye aliyekuwa akimwangalia anavyokula. Sasa mama ananyonyesha, kwa hiyo lazima atajwe mtu mwingine wa kufanya kazi hiyo: baba, nyanya, au mama mdogo.

Kuhusu ziwa, wapo wanaoamini kwamba mama akishika mimba maziwa yake huharibika, hivyo mtoto aliye nje aachishwe siku hiyohiyo. Maziwa hayaharibiki. Ushauri wa afya ni mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula kingine hadi miaka 2 au zaidi. Kwa wanawake wengi wenye mimba isiyo na matatizo, kunyonyesha kunaweza kuendelea. Aliyewahi kutokwa na mimba au kuzaa kabla ya wakati amwulize muuguzi kwanza. Na ikibidi kuachisha, iwe polepole, ziwa moja moja, huku chakula kikiongezwa.

Hapa ndipo nafasi kati ya uzazi mmoja na mwingine inapokuwa na maana. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Nafasi hiyo humpa mama nguvu, na humpa mtoto aliyetangulia muda wa kulishwa na kubebwa kikamilifu. Mume na mke wakienda pamoja kuulizia uzazi wa mpango, mazungumzo ya nyumbani huwa mepesi.

Kijitabu cha kliniki

Kila mtoto ana kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Cha mdogo huwa mkobani, kila ukurasa unajulikana. Cha mkubwa mara nyingi kimewekwa juu ya kabati tangu alipochanjwa surua akiwa na miezi 9.

Lakini safari yake ya kliniki haikuishia hapo. Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 18, na bila hiyo kinga yake haijakamilika. Katika nyumba ambazo watoto wamefuatana kwa karibu, miezi 18 ndio wakati ambao mama ana mimba nyingine au ana kichanga mkononi, kwa hiyo ni rahisi sindano hiyo kusahaulika. Tena kuna matone ya vitamini A, ambayo mtoto hupewa kila baada ya miezi 6 kuanzia miezi 6 hadi anapokaribia miaka 5, na dawa ya minyoo kila miezi 6 kuanzia mwaka mmoja. Uzito na urefu wake nao waendelee kupimwa hadi afike miaka 5.

Njia iliyo rahisi ni safari moja, watoto wawili. Mdogo anapopelekwa chanjo ya wiki 6, wiki 10 au wiki 14, mkubwa naye avishwe viatu aende, na kijitabu chake kiingie mkobani. Iwe ni Likoni, Port Reitz au zahanati iliyo karibu na nyumbani Kisauni, muuguzi aombwe waziwazi: "Na huyu naye tafadhali mwangalie." Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba waambiwe hivyohivyo. Wakija kumuona mzazi na kichanga, mkubwa asifichwe chumbani wala kutumwa dukani.

Zipo dalili ambazo mzazi anaweza kuzitafuta mwenyewe leo jioni. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili za mtoto kwa sekunde chache, kisha achia. Kishimo kikibaki katika miguu yote miwili, huo ni uvimbe, na mtoto apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Kliniki na wahamasishaji wana mkanda wa kupima mkono wa juu kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Rangi ya kijani ni salama. Njano ni onyo. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu mara moja.

Hii ndiyo sababu neno "ana wivu tu" ni la kuangaliwa sana. Mtoto akikataa chakula, akinyamaza, akikaa pembeni bila kucheza baada ya mdogo kuzaliwa, watu husema anamwonea wivu mwenzake. Huenda ni kweli. Huenda pia ni mgonjwa. Wiki mbili za kusema "ana wivu" zinaweza kuwa wiki mbili alizohitaji kutibiwa. Apimwe kwanza, ndipo wivu uzungumzwe.

Pajani

Wivu wenyewe upo, na si adabu mbaya. Mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani huanza tena. Aliyekuwa akisema vizuri hurudia maneno ya kitoto. Mwingine hutaka ziwa ambalo alishaliacha, au humfinya mdogo watu wakigeuka. Hayo yote yanauliza swali moja: je, nafasi yangu bado ipo?

Kumchapa ni kumjibu kwamba haipo. Anapokojoa kitandani, shuka ibadilishwe bila kelele. Anapomfinya mdogo, mkono wake uzuiwe, aambiwe kwa ufupi kwamba mtoto haumizwi, kisha aonyeshwe jinsi ya kumgusa taratibu. Asiachwe peke yake na kichanga hata kwa dakika chache, maana hajui uzito wa mkono wake. Karai la maji, jiko la makaa na mafuta ya taa yawe mbali na wote wawili.

Dawa ya swali lake ni muda mdogo wa kila siku ambao ni wake. Robo saa inatosha, mradi isikatizwe. Katika nyumba ya chumba kimoja huko Magongo au Mtongwe hakuna mahali pa kujitenga, lakini robo saa hiyo inaweza kupatikana kibarazani, njiani kwenda dukani, au wakati wa kuoga. Mama anaponyonyesha, mkubwa akae ubavuni mwake, asimuliwe hadithi au apewe chakula chake wakati huohuo, ili saa ya mdogo kunyonya isiwe saa yake ya kufukuzwa.

Wageni nao wana sehemu yao. Anayekuja kumpa mzazi pongezi amsalimie mkubwa kwanza, amuulize habari za mdogo wake. Salamu hiyo haigharimu kitu, na mtoto huikumbuka.

Kisha kuna baba. Baba wengi wa Likoni huvuka feri alfajiri na kurudi watoto wamelala. Wa Changamwe hufanya kazi za zamu bandarini na viwandani. Ni kweli muda ni mchache, lakini mtoto mkubwa ndiye anayeweza kushikwa na baba tangu siku ya kwanza, kwa sababu hahitaji ziwa. Kumwogesha, kumlisha, kumpeleka shule ya chekechea, kumlaza: hizo ni kazi za baba bila kisingizio. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa baba aliyeajiriwa wiki mbili za likizo yenye malipo mkewe anapojifungua, na mama miezi mitatu. Wenye kazi za vibarua hawana likizo hiyo, lakini siku ya mapumziko ikipatikana, mkubwa awe wa kwanza. Katiba ya Kenya, kifungu cha 53, inasema wazi kwamba jukumu la kulea ni la mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Kumpa mkubwa kazi ndogo ni vizuri: alete nepi, achague kanga ya kumfunika mdogo, aimbe akilala. Kazi hizo humrudishia heshima. Lakini msaidizi hageuzwi yaya. Kuna mabinti wa miaka saba, minane na tisa wanaobaki nyumbani kubeba kichanga mama akienda kuuza au kufua nguo za watu. Dhiki ya mama huyo ni ya kweli. Hata hivyo elimu ya msingi ni ya lazima kisheria, na mtoto anayekosa shule ili amlee mwenzake analipa deni lisilo lake. Kabla ya kufika hapo, jirani wa kuaminika aulizwe, shangazi aitwe, akina mama wawili au watatu wa mtaa mmoja wapeane zamu. Chifu na afisa wa watoto pia waombwe ushauri. Namba ya simu ya bure ya watoto, 116, iko wazi kwa yeyote anayeona mtoto ananyimwa shule au anateswa.

Mwisho, mama mwenyewe. Mama aliyelala saa tatu usiku uliopita, mwenye kichanga kinacholia na mkubwa anayevuta kanga yake, atapandisha sauti siku moja. Asihukumiwe kwa hilo. Akitulia, amwambie mtoto, "Nilikukaripia kwa sababu nilichoka," na mtoto ataelewa zaidi kuliko watu wanavyodhani. Lakini huzuni ikiendelea zaidi ya wiki mbili, akakosa usingizi hata mtoto akilala, au akawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, huo ni ugonjwa unaotibika. Apelekwe hospitalini upesi, bila aibu na bila kungoja arobaini iishe.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Wakiwa wana wawili, mikono inayohitajika ni mingi zaidi. Jioni ya leo, kila nyumba yenye kichanga imwangalie mkubwa: alichokula, miguu yake, kijitabu chake, na nani atakayempakata kabla hajalala. Palipo na pengo, lizibwe kesho asubuhi.